Filamu za ndege ninazozipenda, na ile ninayoisubiri

Tulikuwa sebuleni kwa jirani yangu, mama wa Kingazija aliyezaliwa Mitsamiouli, Komoro, akaolewa Dar es Salaam, tunaangalia Sully. Wajukuu wake ndio walionisumbua niwaletee filamu ya ndege, nami nikaja na flashi yangu. Kwa kuwa nilishaiona, nilikuwa nawatazama wao zaidi ya runinga.

Bata bukini wakaingia kwenye injini, zote mbili zikazima, na yule mdogo akaacha kutafuna. Rubani akasema wanaingia mtoni. Maji yakaruka. Mara abiria wakawa wamesimama juu ya mabawa, katikati ya baridi ya Januari ya New York, na boti zinawaendea.

"Wametoka wangapi hao?" Bi Mkubwa akauliza.

"Wote, Bi Mkubwa. Watu 155."

"Alhamdulillahi." Akanyamaza kidogo. "Yetu sisi haikuwa hivyo, mwanangu. Kaka yangu alikuwa miongoni mwa walioingia na ngalawa. Hiyo nayo wameicheza?"

Alikuwa anaisema ndege ya Ethiopian Airlines iliyoanguka baharini Komoro mwaka 1996. Nikamwambia sijapata kuiona.

Tangu siku ile swali lake halijanitoka. Wiki zimepita, nimezirudia filamu zangu ninazozipenda moja baada ya nyingine, na kila nikimaliza moja najikuta nauliza jambo ambalo zamani halikunijia: nani mwingine alikuwa ndani ya ndege hii?

Mtoto wa Kipawa

Nimekulia Kipawa, enzi ambazo nyumba zetu zilipakana na uwanja wa ndege. Ndege ikija kutua unaliona tumbo lake, unayaona magurudumu yameshashuka, na vyombo vinagongana kabatini. Mama alikuwa anakatisha sentensi katikati, anasubiri ipite, kisha anaendelea pale pale alipoishia. Mtoto aliyelelewa hivyo atazipenda ndege au atazichukia. Mimi nilizipenda.

Sinema nilizijulia kibanda umiza, kwenye benchi la mbao, mtafsiri akizungumza juu ya sauti za waigizaji. Top Gun ya 1986 niliifahamu kwa sauti ya mtafsiri miaka mingi kabla sijasikia Tom Cruise anaongeaje. Watafsiri wale walikuwa hodari. Mapigano waliyapamba mpaka benchi zima linasimama.

Ila kulikuwa na mahali pamoja walipokuwa wananyamaza. Ni pale rubani anapobaki na mitambo yake, taa nyekundu inawaka, na lazima aamue. Hata mtafsiri mwenye maneno kuliko wote alikuwa anawaacha watu watazame.

Ndipo ninapozipendea filamu za ndege mpaka leo. Kuruka kwenyewe kunapendeza, lakini kinachonikalisha kitini ni kuamua.

Mawingu na mashavu

Howard Hughes alipokuwa anatengeneza Hell's Angels mwishoni mwa miaka ya 1920, aliwaweka marubani wake chini siku nyingi akingoja mawingu. Anga tupu ya buluu haina kipimo. Ndege inaweza kuwa inakwenda kasi ya kutisha, na kwenye pazia la sinema ikaonekana imening'inia tu. Weka wingu nyuma yake, inaanza kukimbia. Tangu nilipolijua hilo, kila filamu ya ndege naiangalia kwanza mawingu yake. Hughes alilipia sana picha zile: watu walikufa wakati wa kuitengeneza, na yeye mwenyewe alianguka na ndege.

Kwenye Top Gun: Maverick ya 2022 ufundi umehamia ndani. Waigizaji waliketi kiti cha nyuma cha ndege za kivita za kweli, F/A-18, rubani wa jeshi la majini la Marekani akiirusha, na kamera zimefungwa mbele ya nyuso zao. Ndege ikikata kona, mashavu yanavutwa chini na macho yanazama. Hilo haliigiziki. Naipenda filamu ile, na siku nikitaka kupumzika ndiyo ninayoiweka.

Lakini haijawahi kunifuata mpaka kesho yake asubuhi. Sully hunifuata.

Sekunde 208

Tarehe 15 Januari 2009 Airbus A320 ya US Airways ilipaa uwanja wa LaGuardia, New York, ikakutana na bata bukini wa Kanada, na tangu kugongwa mpaka kugusa maji ya mto Hudson zilipita sekunde 208. Wimbo mmoja wa taarabu hauishi katika muda huo.

Clint Eastwood, katika filamu yake ya 2016, anaitoa ajali ile zaidi ya mara moja. Utaiona kutoka chumba cha marubani, kutoka viti vya abiria, kutoka kwa mwongoza ndege, kutoka kwenye boti. Nahodha mmoja wa boti zile anaigiza nafasi yake mwenyewe, na ukishajua hivyo unamtafuta. Mwisho unaujua, na bado viganja vinatoka jasho.

Kuna mahali filamu inanikera. Wachunguzi wa ajali wamefanywa maadui, watu waliokuja kumnasa Kapteni Sullenberger, rubani wa ndege ile. Wachunguzi wa kweli walilalamikia jambo hilo, nami nawaunga mkono. Hadithi ile haikuhitaji adui; mto ulitosha. Na kilicho kitamu zaidi ni kwamba hoja kubwa ya filamu ilitoka kwenye uchunguzi wao wenyewe. Marubani waliowekwa kwenye mtambo wa mazoezi waliweza kurudi uwanjani kwa sababu walijua tangu mwanzo watakachokutana nacho, wakakata kona papo hapo. Walipoongezewa sekunde 35 za kushtuka, kuelewa na kuamua, haikuwezekana tena.

Sekunde 35 za ubinadamu. Hapo filamu inanigusa.

Halafu kuna kipande cha idadi. Maji yanapanda ndani ya ndege, Sullenberger anaipekua mara mbili, anatoka wa mwisho, na tangu hapo anauliza jambo moja tu: wangapi? Anauliza akiwa amelowa, anauliza mpaka hospitali. Wanapomjia na 155, Tom Hanks, anayemwigiza, hafanyi kitu kikubwa. Uso unalegea, basi.

Safari hii, nikiwa na maneno ya Bi Mkubwa kichwani, niliisimamisha filamu pale pale. Ingekuwa 50 je, kama waliotoka kwenye ile ya Komoro? Rubani ni yule yule, mikono ile ile, akili ile ile, lakini wametoka 50. Eastwood angekuja?

Kiti cha mbele

Nikaenda kwenye Out of Africa ya Sydney Pollack, ya 1985. Wapo wasioipenda, na sababu zao ni nzito. Mimi nimeipenda tangu utotoni kwa ajili ya kipande kimoja: Denys, Mwingereza anayeigizwa na Robert Redford, amemchukua mpenzi wake Karen kwa ndege juu ya Bonde la Ufa, heroe wanainuka kutoka ziwani kwa maelfu, na muziki wa John Barry unawabeba. Sijaona filamu nyingine iliyoitazama ardhi yetu kutoka juu kwa mapenzi kiasi kile.

Ndege yenyewe ni Gipsy Moth. Ina viti viwili vilivyo wazi, hakuna kioo cha kukufunika, upepo wote ni wako. Rubani hukaa nyuma, abiria mbele. Ndiyo maana katikati ya safari Karen ananyoosha mkono nyuma, na Denys anaupokea. Kama Redford angekaa mbele, kipande kile kisingekuwepo.

Denys Finch Hatton wa kweli alikufa Voi tarehe 14 Mei 1931, Gipsy Moth yake ilipoanguka mara tu baada ya kupaa. Hakuwa peke yake. Abiria wake alikuwa Kamau, Mkikuyu, mtumishi wake. Naye akafa.

Kwenye filamu msiba ule unaletwa kama msiba wa mtu mmoja. Tunapelekwa kwenye maziko vilima vya Ngong, tunasikia shairi, tunalia. Jina la Kamau sikulisikia.

Nimekaa na jambo hili siku nyingi. Ule mkono ulionyooshwa nyuma siwezi tena kuutazama bila kumfikiria aliyekaa mbele siku ya Voi. Alikuwa anapenda kuruka? Kuna aliyemuuliza? Alikuwa ameshaizoea ile ndege, anaangalia chini anaitambua mito kwa majina yake, au alikuwa ameshika ukingo wa kiti kwa mikono miwili? Kwao habari ilifikaje, na nani aliipeleka?

Bado naipenda Out of Africa. Nitaiangalia tena. Lakini nimeanza kudai.

Karibu saa nne

Sasa twende Ngazija.

Tarehe 23 Novemba 1996, Boeing 767 ya Ethiopian Airlines ilipaa Addis Ababa kuelekea Nairobi, na baadaye Brazzaville, Lagos na Abidjan. Ndani walikuwemo watu 175. Muda mfupi baada ya kupaa, vijana watatu walivamia chumba cha marubani, wakachukua shoka la dharura, wakampiga rubani msaidizi Yonas Mekuria na kumtoa nje. Walidai wako 11 na wana bomu. Bomu lenyewe lilikuja kujulikana kuwa ni chupa ya kileo iliyofunikwa.

Wakataka kwenda Australia.

Kapteni Leul Abate akawaeleza kuwa mafuta aliyonayo hayafiki huko. Hawakumwamini, kwa sababu walikuwa wamesoma kwenye jarida la ndani ya ndege kwamba 767 inaweza kukaa angani saa nyingi mno. Jarida halikudanganya. Ndege ile inaweza, ikijazwa mafuta. Mtu ameshika karatasi yenye maneno ya kweli, na kwa karatasi hiyo hiyo anawapeleka wenzake kwenye kifo, huku mwenye kujua amekaa mbele yake anamsihi. Sijaona mwandishi wa filamu aliyebuni tukio zito kuliko hilo.

Leul alikuwa ameshatekwa mara mbili kabla ya siku hiyo. Badala ya kushika mashariki, akashuka kusini akiifuata pwani ya Afrika. Watekaji walipogundua kuwa bado wanaona nchi kavu, wakamlazimisha aelekee baharini. Akaelekea. Ila pua ya ndege aliielekeza Komoro, kimyakimya.

Hapa ndipo ninaposhindwa kuacha kulinganisha. Sullenberger alikuwa na sekunde 208, na pembeni yake Jeff Skiles akipitia orodha ya hatua za dharura. Leul alikuwa na karibu saa nne, na kiti cha msaidizi hakina msaidizi. Unaweza kudhani muda mrefu ni nafuu. Fikiria unautumiaje: mshale wa mafuta unashuka, kila sentensi inasikilizwa na mtu aliyeshika shoka na anayekunywa pombe, na kile unachokipanga huwezi kumwambia yeyote.

Juu ya Komoro injini ya kwanza ikazima, kisha ya pili. Leul akawatangazia abiria kwamba mafuta yamekwisha na wajiandae kuanguka, akawataka pia wawakabili watekaji. Ndege ikabaki na turbini ndogo inayozungushwa na upepo, yenye nguvu kidogo tu ya kuongozea. Alikuwa anautaka uwanja wa Hahaya. Mvutano na watekaji ukampotezea mwelekeo, uwanja ukampita. Akachagua maji ya karibu na ufukwe, mbele ya hoteli ya Le Galawa, jirani na Mitsamiouli, mahali ambapo palikuwa na watu wa kuokoa.

Mtalii mmoja alikuwa na kamera ufukweni.

Nimeitazama video ile kwenye simu, usiku, sauti imezimwa ili nisiwaamshe walio ndani. Ndege inaingia kutoka pembeni, chini mno, kubwa mno kwa bahari ile. Bawa la kushoto limeinama. Ncha inagusa maji kwanza, injini inafuata, na ndege nzima inazunguka na kukatika. Ni sekunde chache. Wavuvi, watalii na wazamiaji wa hoteli wakaingia majini.

Walionusurika ni 50. Waliokufa ni 125, watekaji wote watatu wakiwemo. Na kuna jambo ambalo tangu nilijue nasikiliza maelezo ya wahudumu wa ndege kwa adabu: wengi waliopona kishindo chenyewe waliponzwa na jaketi za kuokolea maisha. Walizijaza hewa wakiwa bado ndani. Maji yalipopanda, jaketi zikawabana darini, wakashindwa kupiga mbizi kuufikia mlango.

Miongoni mwa waliokufa alikuwa Mohamed Amin, mpigapicha wa Nairobi, ambaye picha zake za njaa ya Ethiopia za 1984 ziliishtua dunia. Mkono wa kushoto aliupoteza Addis Ababa mwaka 1991, ghala la silaha lilipolipuka, akarudi kazini. Inaelezwa kuwa dakika za mwisho alikuwa amesimama akijaribu kuzungumza na watekaji. Leul na Yonas walipona, na baadaye wakapewa tuzo za usalama wa anga.

Vipindi vya televisheni vimeigusa habari hii. Filamu yake kubwa, ya kukaa gizani na kuitazama kwa saa mbili, sijaiona.

Hoja ya idadi

Jibu lililonijia kwanza lilikuwa rahisi: sinema inapenda wote watoke. Nikakaribia kuliandika, kisha nikaikumbuka Devotion.

Ni filamu ya 2022 ya J.D. Dillard, kuhusu Jesse Brown, Mmarekani Mweusi wa kwanza kuhitimu mafunzo ya urubani ya jeshi la majini la Marekani. Tarehe 4 Desemba 1950, vita vya Korea, ndege yake aina ya Corsair inapigwa na anaishusha kwenye theluji nyuma ya mistari ya adui. Yuko hai, mguu umebanwa, moshi unatoka. Mwenzake Tom Hudner anamwona kutoka juu. Anafanya jambo ambalo hakuna aliyemwamuru: anaibwaga ndege yake nzima chini, magurudumu yamefungwa, kando ya ile ya Brown. Anaizimia injini kwa theluji ya mikononi. Helikopta inakuja, Hudner na rubani wake wanahangaika, mguu hautoki. Brown anakufa palepale.

Kwenye ndege ya Brown hakuna aliyetoka. Idadi ni sifuri. Na filamu ikatengenezwa, tena nzuri.

Kwa hiyo hoja ya idadi haisimami peke yake. Flight ya Denzel Washington nayo ina wafu sita, na nguvu yake yote iko kwa mtu aliyeiokoa ndege akiwa amelewa. Hata miujiza nusu inaigizika, pale wanapotokea watu wanaoamini kuwa waliomo ndani ni watu wao. Devotion ilihitaji mkurugenzi ambaye baba yake aliruka na jeshi la majini, mtu aliyekua akijua Jesse Brown ni nani.

Ya Ngazija inasubiri watu wake. Na watu wake ni sisi.

Hapo shaka nyingine ikanishika, nzito zaidi. Nina haki gani ya kutamani sinema kutokana na siku ambayo watu wengine hawawezi kuitaja bila kusimama kwanza? Nikamrudia Bi Mkubwa nikamuuliza wazi kama angependa ichezwe.

Alifikiri muda mrefu. "Waicheze," akasema. "Lakini kaka yangu wasimpitishe tu na ngalawa yake, kama mtu asiye na kwao."

Sauti za mdomo

Filamu iliyonionyesha kuwa inawezekana ni ya Kijapani, tena ya katuni: The Wind Rises ya Hayao Miyazaki, ya 2013. Inamhusu Jiro Horikoshi, mhandisi aliyebuni ndege ya kivita ya Zero. Miyazaki ana deni la nyumbani hapa, kwani kiwanda cha familia yao kilitengeneza vipuri vya Zero wakati wa vita. Anazipenda ndege zile kupita kiasi, na anajua zilikokwenda.

Injini kwenye filamu ile zinanguruma kwa midomo ya watu. Sauti za propela, hata ngurumo ya tetemeko la ardhi, zimetolewa na koo za binadamu. Mara ya kwanza unahisi tu kuna kitu kinapumua. Ukishajua, hakuna tena chuma tupu. Kila mashine ina mtu ndani yake. Na mwishoni Jiro anakiri, katika ndoto, kuwa ndege zake zilikwenda na hakuna hata moja iliyorudi. Miyazaki haikwepi sentensi hiyo wala haizimi mapenzi yake kwa sababu yake.

Ninayoitaka

Naitaka filamu ya Mitsamiouli ianze na jarida. Kidole cha kijana kinafuata mstari wa maandishi, na kiti cha jirani yake kina mtu ambaye bado hatumjui.

Naitaka izungumze Kiamhari, Kiswahili, Kiingereza na Kingazija, kila mtu kwa lugha yake, bila kumpa mtu lafudhi ya bandia. Saa nne zile zisifupishwe kuwa dakika tano za kelele. Tukae nazo, tuione pwani upande wa kulia, tuhesabu mafuta pamoja na Leul. Mohamed Amin apewe nafasi yake bila kuifunika ya wengine. Kipande cha jaketi kionyeshwe kwa heshima na kwa ukamilifu, kwa sababu kinaweza kuokoa mtu. Na wale wa ufukweni, wenye ngalawa, tuwajue asubuhi ya siku ile, kabla ndege haijaonekana: nani alikuwa anashona wavu, nani alikuwa hajaenda baharini kwa sababu mtoto anaumwa. Wawe na majina.

Kama kuna mtu Moroni, Addis Ababa, Nairobi au hapa Dar ambaye ameshaanza kuiandika, naomba aniandikie. Nitaisoma rasimu yake usiku huo huo, na najua mama mmoja ambaye atakuwa tayari kumsimulia upande wa ngalawa.